Shati la Mizunguko Kumi na Mbili na Nusu

Jumatatu, 4 Mei

Shule imefunguliwa. Mvua imenyesha tangu alfajiri. Ninaandika nyuma ya daftari la vipimo la baba, kwa kuwa kurasa za mbele zimejaa vifua, viuno na mabega ya wateja, na za nyuma ni tupu. Mwaka jana mwalimu wa lugha alituambia kwamba anayetaka kuandika vizuri aandike mara kwa mara, kwa sentensi fupi, na asiseme uongo. Nitajaribu.

Baba ni fundi cherehani. Siku kumi na tisa zilizopita alipata kiharusi akiwa anashona. Upande wa kulia umelala: mkono wote, mguu kiasi, na kona ya mdomo. Kusema anaweza, ila hasemi. Tunaishi vyumba viwili nyuma ya kibanda cha kinyozi, na chumba cha mbele ndicho duka la baba. Cherehani imefunikwa shuka. Chini ya shuka kuna shati la bluu la kinyozi, na sindano imezama kwenye kitambaa pale pale ilipokuwa baba alipoanguka. Hakuna aliyeinyanyua.

Sijalia. Naandika hivyo kwa sababu ni kweli.

Jumatano, 6 Mei

Mama amempeleka baba kliniki. Muuguzi amesema shinikizo la damu hutembea kwenye ukoo, kwa hiyo nyumba nzima tufanye mazoezi, hasa ya kukimbia.

Mama anafua hospitalini. Alisema, "Mimi nasukuma mashuka ya wodi sita kutwa nzima. Mazoezi gani tena, jamani?"

Muuguzi akaniangalia mimi. Mama naye akaniangalia. Baba hakuangalia mtu. Basi nimechaguliwa kukimbia kwa niaba ya ukoo.

Alhamisi, 7 Mei

Nimekimbia mizunguko minne kwenye uwanja wa shule kabla ya kengele. Manyunyu.

Ijumaa, 8 Mei

Mizunguko minne.

Jumatatu, 11 Mei

Mizunguko mitano. Kumbe kuchoka si tatizo, kwa sababu miguu huzoea. Tatizo ni kichwa. Miguu ina kazi, mikono ina kazi, mapafu yana kazi, kichwa peke yake ndicho kimekaa bure. Kikikaa bure kinarudi nyumbani kuitazama ile shuka.

Jumatano, 13 Mei

Leo nimehesabu nguzo za uzio wa uwanja. Ziko mia moja na nne.

Alhamisi, 14 Mei

Bado ziko mia moja na nne.

Jumatatu, 18 Mei

Nimekimbia na Redio. Ni rafiki yangu tangu darasa la kwanza, na jina hilo alipewa na mwalimu kwa kuwa hazimiki. Mizunguko miwili ya kwanza ilipita bila mimi kujua, maana alinisimulia harusi ya binamu yake toka posa hadi ugomvi wa keki. Katika mzunguko wa tatu sauti ilianza kukatika. Wa nne akakaa chini.

"Habari zitaendelea," alisema, akishika mbavu. "Wewe husikii baridi? Umevaa fulana tu."

"Sisikii."

Sikuwa najidai. Nilijigusa mkono na ulikuwa wa baridi, lakini ilikuwa kama kugusa mkono wa mtu mwingine.

Jumanne, 19 Mei

Jedwali la kumi na saba, mpaka kumi na saba mara thelathini. Nilikosea kwenye ishirini na tatu na hakuna aliyejali, hata mimi.

Ijumaa, 22 Mei

Mwalimu wa michezo amenisimamisha. Ni mtu mfupi, filimbi yake haimtoki shingoni hata akiwa msalani, ndivyo wanavyosema.

"Wewe binti, nani amekutuma kukimbia?"

"Muuguzi."

"Amekutuma vizuri. Julai tuna mbio za kuchagua timu ya wilaya, shule nne. Mita elfu tano. Mizunguko kumi na mbili na nusu. Utaweza?"

Nilimwambia miguu itaweza, kichwa sijui. Nilidhani atacheka, lakini aliizungusha kamba ya filimbi kidoleni.

"Kichwa ukikinyima kazi kitajitafutia chenyewe," alisema. "Na kazi kinayoipenda kuliko zote ni kukushauri usimame. Kitafutie kazi ndefu. Isiwe nyimbo, nyimbo huisha."

Jumamosi, 23 Mei

Baba mdogo amekuja. Ni mdogo wake baba, anatengeneza baiskeli karibu na soko. Alikula, akanawa, akakohoa. Nikajua ana neno.

"Shemeji, nimepata mtu wa ile cherehani."

Mama aliendelea kuosha masufuria.

"Sisemi kwa ubaya. Kaka analala chumba hiki na majirani wote wanamwona miguu. Mkiitoa, kitanda kitakaa pale penye dirisha apate hewa. Na chombo kisichotumika huota kutu, wewe mwenyewe unajua."

Baba alikuwa kwenye kiti chake, ameelekea ukutani. Umbali wa hatua tatu. Walikuwa wanamzungumzia kama kabati.

Mama alifuta mikono. "Shule ikifungwa," alisema. "Tarehe kumi na saba Julai. Kabla ya hapo, akikaa kwenye kile kiti cha cherehani hata mara moja, kwa kutaka mwenyewe, haiuzwi. Asipokaa, njoo uichukue."

Baba hakugeuka. Nilimtazama baba mdogo akifunga kamba za viatu, nikafikiri kwamba kuna watu ambao kabla mtu hajafa wao wameshapima mahali pa kabati. Sikukasirika lakini. Niliwaza tu, kama ninavyowaza jedwali.

Jumatatu, 25 Mei

Mvua. Mizunguko saba.

Jumatano, 27 Mei

Leo nimepata kazi ya kukipa kichwa. Nilikuwa mzunguko wa pili nikakumbuka jinsi baba alivyokuwa akianza shati: anapima, anachora kwa chaki, anakata. Nikasema, mzunguko wa kwanza kupima, wa pili kuchora, wa tatu kukata. Nikashona kichwani. Nilipofika wa nane nilishangaa kwamba ni wa nane.

Ila sijui mpangilio. Miaka yote nimekaa chini ya meza ile nikiokota vifungo na pini, sikuwahi kuangalia juu.

Alhamisi, 28 Mei

Nimemuuliza baba, "Baba, baada ya kukata kinafuata nini?"

Nilingoja mpaka chai ikapoa. Mama alinipa ishara ya macho niache.

Jumanne, 2 Juni

Tukiwa tunakula usiku nilimwambia mama habari za mazoezi, maana Redio anasema nyumba yetu imekuwa kama maktaba. Nilisema, "Leo nimekimbia tisa. Mzunguko wa nne nimeweka kola, wa tano nikaunga mabega."

Kutoka kwenye kiti, bila kugeuka, sauti ikasema:

"Utaivalisha wapi."

Mama alishusha kijiko. Ilikuwa sauti ya baba, nzito upande mmoja, kama mtu anayeongea na chaki mdomoni.

"Nini, baba?"

"Kola. Huna shingo bado. Shingo inatoka kwenye mabega."

Basi. Hakuongeza. Mama alikwenda nje kumwaga maji ambayo hayakuwa machafu, akakaa huko muda.

Jumatano, 3 Juni

Mabega kwanza, halafu kola. Mizunguko tisa.

Jumamosi, 6 Juni

Nimegundua jinsi ya kumfanya baba aseme. Nikiuliza, hajibu. Nikikosea, anajibu. Jana nilisema nimeshona mfuko wa kifuani baada ya kufunga mbavu, yaani pande mbili za shati. Akasema, "Mkono utaupitisha wapi kushona, kwa dirishani?" Leo nimesema nimeanza na pindo. Akasema, "Na ukimaliza umvalishe ng'ombe."

Kinyozi alikuwa amekuja kumnyoa, kama kila Jumamosi, bila kuitwa. Alicheka mpaka akaondoa wembe shavuni. "Fundi, umerudi. Mimi shati langu nalivaa lini? Nina sherehe ya watu mwezi wa nane."

Baba akarudisha macho ukutani. Kinyozi akaendelea kunyoa polepole. Nimeona kwamba hataji lile shati ila kwa mzaha, na kwamba akilitaja huwa anaangalia kioo chake.

Jumanne, 9 Juni

Leo nimesema nimeweka vifungo mgongoni. Baba aligeuza kiti. Kwa mguu wa kushoto alisukuma sakafu mpaka kiti kikaniangalia.

"Hilo kosa si lako," alisema. "Umelinunua."

Mwalimu wa lugha alisema tusiseme uongo, nami nilikuwa nimedanganya siku tano mfululizo kwa nia njema. Nikakiri.

"Fundi anajua kosa la mkono na kosa la makusudi. La mkono lina haya. Lete karatasi."

Nilileta daftari hili, nikafungua ukurasa wa mbele wenye nafasi kidogo, asije akaona huku nyuma. Alisema, nami nikaandika:

Moja, kupima. Mbili, kuchora. Tatu, kukata. Nne, kukunja pande mbili za mbele panapokaa vifungo. Tano, mfuko. Sita, mabega. Saba, kuitengeneza kola na kuigeuza. Nane, kuiweka shingoni. Tisa, mkono wa kushoto. Kumi, mkono wa kulia. Kumi na moja, kufunga mbavu. Kumi na mbili, pindo.

"Na vifungo?"

"Vifungo ni nusu ya kazi. Hata mtoto anaweka."

Kumi na mbili na nusu. Sikuwa nimemwambia idadi ya mizunguko. Huenda alisikia siku nyingi zilizopita, alipokuwa ameelekea ukutani.

Jumatano, 10 Juni

Shati zima. Mizunguko kumi na mbili na nusu, mara ya kwanza. Mwalimu wa michezo ametazama saa yake mara mbili. Baridi kali, wenzangu wamevaa masweta mawili mawili. Mimi sisikii kitu.

Alhamisi, 11 Juni

Shati.

Ijumaa, 12 Juni

Shati. Pini moja ilianguka mzunguko wa saba, nikaiokota.

Jumapili, 14 Juni

"Unamshonea nani?" baba aliniuliza leo.

"Simshonei mtu. Nakimbia tu."

"Shati lisilo na mtu ni kitambaa. Ndiyo maana pini zinakuponyoka. Nipime mimi."

Nilichukua futi kwenye msumari. Vipimo vyake vya zamani viko ukurasa wa kwanza wa daftari, kwa mwandiko wake: kifua arobaini na mbili. Leo ni thelathini na nane na nusu. Nilisoma kwa sauti, kama alivyokuwa akisoma yeye na mimi nikiandika. Shingo. Mgongo. Nilipofika kwenye mkono wa kulia niliushika kwenye kiwiko kuunyoosha. Ulikuwa mzito na wa moto. Sijui kwa nini nilitegemea uwe wa baridi.

"Pima bega peke yake," alisema. "Hili, na hili."

Bega la kulia limeshuka inchi moja.

"Andika. Shati la mtu kama mimi ukilikata sawa kwa sawa, mkono wa kulia utavuta. Itaonekana mchana kweupe kwamba fundi alimshonea mtu mwingine."

Niliandika chini ya vipimo vya zamani. Mama alikuwa mlangoni na beseni. Kila Jumapili anaivua ile shuka ya cherehani, anaifua, anaipiga pasi na kuirudisha, na mimi nilidhani ni kwa sababu hawezi kuona shuka chafu, kazi imemwingia. Leo nimeangalia vizuri. Huku akiitoa, mkono wake mwingine unalishika shati la bluu lisisogee hata unyoya. Hajainyanyua sindano. Ameitunza ilipo.

Jumanne, 16 Juni

Shati la baba, la kwanza. Nilikumbuka inchi.

Jumatano, 17 Juni

La pili. Nilikumbuka.

Jumatatu, 22 Juni

Mtihani wa katikati ya muhula. Hisabati ngumu. Shati la tano.

Ijumaa, 26 Juni

Baba anasema sasa jioni, maneno kumi au kumi na tano, yote ya shati. Akimaliza anageuza kiti kuelekea ukutani. Kwenye kiti cha cherehani hakai. Jana mama alimsogeza karibu nacho wakati wa kufagia, akamwacha hapo makusudi. Baba alisukuma kwa mguu mpaka akarudi mahali pake. Ilimchukua dakika nyingi na hakuna aliyemsaidia, maana tulielewa kwamba lilikuwa jibu.

Zimebaki wiki tatu.

Jumanne, 30 Juni

Mvua. Shati lililolowa.

Jumapili, 5 Julai

Nilimkuta baba mdogo ameketi sakafuni mbele ya baba, anamkata kucha za mguu wa kulia. Hakujua nimeingia. Anazikata kwa koleo yake ndogo ya spoki, taratibu, ulimi umetoka nje kama mtoto anayechora.

"Kaka, ukiumia sema."

"Sisikii kitu huko."

"Basi nitakusikilizia mimi."

Nilirudi nje, nikapiga hodi upya kwa kelele. Mwezi wa Mei niliandika humu kwamba anapima kabati mtu hajafa. Sijafuta. Lakini naongeza kwamba nilikuwa sijamwona akikata kucha.

Alhamisi, 9 Julai

Mbio ni keshokutwa. Wasichana ishirini na wawili, watatu wa kwanza wanachukuliwa. Mwalimu wa michezo anasema nikikimbia kama Jumatano nitakuwa wa pili.

Nilimwambia baba. Alisema, "Uzi mrefu haukimbizwi," halafu akafumba macho.

Jumamosi, 11 Julai

Nitaandika yote kwa mpangilio.

Asubuhi kulikuwa na ukungu. Redio alinisuka nywele mapema, akavuta mpaka macho yakapanda. "Ukishindwa usiseme ni nywele," alisema. Aliuliza kama sisikii baridi, nikasema sisikii, akasema mimi ni nyoka.

Tulikuwa tumejipanga nilipouona mkokoteni. Baba mdogo alikuwa anausukuma kuzunguka uwanja, na juu yake, kwenye mto wa kitanda chetu, alikuwa baba amevaa koti lake la kwenda mjini. Mama alitembea pembeni ameshika mwavuli ingawa mvua haikuwepo. Kinyozi alifuata na kiti cha kibanda chake kichwani. Miezi mitatu baba hajavuka mlango ila kwenda kliniki. Walimweka karibu na kona ya pili, kwenye kamba. Mkono wa kulia alikuwa ameuficha ndani ya koti.

Filimbi ikapigwa.

Kupima, nilikuwa wa tisa. Kuchora, wa saba. Kukata, wa tano, na wale waliotoka mbio kama wanakimbiza mwizi wakaanza kurudi nyuma. Pande za mbele, mfuko, mabega. Sikuwaza kingine. Kwenye kola nilikuwa wa tatu, na wawili walio mbele yangu walikuwa wa shule moja, warefu, wako mbali sana. Nyuma yangu palikuwa na msichana mwenye soksi nyekundu. Nilisikia viatu vyake tu.

Kola shingoni. Mkono wa kushoto. Kila nikipita kona ya pili nilimwona baba, na kila nikipita alikuwa ananiangalia mimi, si mbio.

Mzunguko wa kumi, mkono wa kulia. Niliupanga, nikaubana pini, nikaushona duara zima, safi, mshono umelala vizuri. Nikaumaliza pale pale kwenye kona ya pili. Nikainua macho. Baba alikuwa amekaa pale, bega moja juu, moja chini.

Nilikuwa nimesahau inchi. Nilikuwa nimemshonea baba wa ukurasa wa kwanza.

Sikuamua kitu. Fundi hajadili. Nilichukua wembe nikafumua, mshono mmoja mmoja, nikaukata mkono upya kwa bega lililoshuka, nikaubana, nikaushona tena. Kazi hiyo ilinichukua mzunguko mzima. Kisha nikaanza mbavu.

Kengele ya mzunguko wa mwisho ililia. Nilidhani inawalilia wale wawili warefu, kwamba wameshanizidi mzunguko. Mimi nilikuwa na mbavu, na pindo, na vifungo. Soksi nyekundu alinipita kwenye sehemu ya mwisho iliyonyooka akikimbia kama nyumba yake inaungua. Nikamwachia. Nikaona haraka ya nini, bado pindo.

Nikapita kamba ya mwisho nikiwa wa nne, nikaendelea.

Watu wakaanza kucheka. Mwenye bendera aliipeperusha mbele yangu nikamzunguka. Mwalimu wa michezo alipiga filimbi mpaka ikamkwama. Redio aliruka kamba, akakimbia pembeni yangu na viatu vyake vya shule.

"Simama, mbio zimeisha."

"Bado pindo."

"Pindo gani, wewe?"

"Na vifungo."

Redio aliniangalia usoni, kisha kwa mara ya kwanza tangu darasa la kwanza akanyamaza. Akakimbia na mimi uwanja mzima ambao ulikuwa mtupu, mpaka nikaweka kifungo cha mwisho kwenye kamba.

Mwalimu wa michezo alikuwa ameshika kichwa. "Ulikuwa wa tatu, binti. Wa tatu mkononi. Ulikuwa unahesabu nini?"

Sikuweza kumweleza. Nilikwenda kwenye mkokoteni. Mama alinifunika kanga. Kinyozi alisema ni kawaida, yeye mwenyewe aliwahi kunyoa mtu mara mbili. Baba mdogo alimwambia anyamaze.

Baba aliniangalia muda mrefu.

"Umefumua wapi?" aliuliza.

Watu wote wa pale walitazamana. Mimi nilijibu, "Mkono wa kulia. Nilisahau bega."

"Ungeuacha. Lingevalika."

"Lingevuta."

Alitikisa kichwa polepole, juu chini. "Ndiyo," alisema. "Lingevuta."

Hakusema tena njia nzima. Mkokoteni ulilia gurudumu moja. Kwenye timu sikuchaguliwa. Najua kwamba napaswa kusikitika na ninangoja.

Jumapili, 12 Julai

Baba hajasema neno leo. Ameelekea ukutani. Mama amefua shuka.

Jumanne, 14 Julai

Sijakimbia.

Jumatano, 15 Julai

Ukuta.

Ijumaa, 17 Julai

Shule imefungwa. Nilikuwa wa sita darasani. Nilipofika nyumbani mkokoteni ulikuwa mlangoni na baba mdogo ameshika kamba mbili mkononi. Hakuwa ameingia. Alikuwa anasubiri mtu amwambie aingie.

Mama alisema, "Tarehe imefika." Alimwambia baba, si shemeji yake.

Baba mdogo aliingia, akaishika shuka kwa ncha. "Kaka, naomba radhi."

"Subiri," baba akasema. "Kuna shati la mtu hapo."

"Nitalitoa vizuri."

"Wewe utalichana. Shati analitoa aliyeliingiza."

Akasukuma kiti kwa mguu wa kushoto. Hatua tatu. Hakuna aliyemsaidia, na safari hii pia tulielewa. Akajishikiza kwenye meza, akajinyanyua, akakaa kwenye kile kiti. Kikalia kama kilivyokuwa kikilia.

Mama akavua shuka. Shati la bluu lilikuwa na mkono mmoja. Wa kulia ulikuwa nusu, na mshono ulikuwa umenyooka, umenyooka, kisha ukaenda pembeni kama mtu aliyesinzia anaandika. Hapo ndipo alipoangukia. Kumbe naye alisimama kwenye mzunguko wa kumi.

Gurudumu la cherehani liko kulia. Baba alipitisha mkono wa kushoto mbele ya kifua, akalifikia kwa vidole, akalizungusha. Lilikataa, kisha likakubali. Sindano ikapanda.

Nilisikia mama akivuta pumzi.

"Wembe," baba alisema. Nikampa. Akanirudishia. "Mimi nina mkono mmoja. Fumua wewe, toka hapa palipopinda."

Nilifumua. Ilikuwa mishono kumi na mmoja tu. Miezi mitatu nilidhani ni mingi zaidi.

"Sasa kaa kulia kwangu. Wewe shika gurudumu na kitambaa upande huo. Mimi nitakanyaga. Usivute, ongoza."

Tukashona. Mguu wake mmoja unakanyaga kwa kukosea kosea, mishono mingine mirefu, mingine mifupi, na mara mbili uzi ukakatika. Duka likajaa ile sauti. Kinyozi alitokea mlangoni na povu la mteja kwenye brashi, akalitazama shati lake, hakutania.

Baba mdogo alikuwa bado amesimama na kamba. "Kaka," alisema, "mkokoteni nimeazima wa saa moja."

"Basi bebea kitu kingine."

Alisimama kidogo, akazifunga zile kamba kiunoni, akaenda kukisogeza kitanda cha baba kwenye ukuta wa pili, mahali pasipoonekana na majirani. Alikisukuma peke yake, akihema. Mama alimwambia, "Shemeji, kaa ule."

Mkono wa kulia uliisha jua likiwa bado lipo. Si mshono mzuri. Baba alisema kinyozi atauona kila akivaa, nami nilisema ndiyo.

Jumamosi, 18 Julai

Nimekwenda uwanjani mapema ingawa hakuna shule wala mbio. Mvua haikunyesha. Sikuwa na shati kichwani, maana lile halisi liko nyumbani na linasubiri mbavu. Nilikimbia bila kazi yoyote kuona kichwa kitafanya nini. Mizunguko miwili hakikufanya kitu.

Wa tatu, karibu na kona ya pili, kuna kitu kilinichoma masikioni na kwenye vidole. Nilisimama kukichunguza. Ilinichukua muda kukitambua.

Nilikuwa nasikia baridi.

Nikarudi nyumbani kuchukua sweta.